Maneno Aliyoyakimbia Seif

Seif ana kithembe, na kwa miaka arobaini na minne amekificha kwa ujanja ambao angeupeleka kwenye masomo, leo angekuwa profesa. Pale sokoni Kirumba anauza dagaa tu. Watu hudhani anapenda sana dagaa. Ukweli ni kwamba sato na sangara wanaanza na herufi asiyopatana nayo, na hakuna mteja anayeitwa kwa mluzi, lazima utaje unachouza. Jina lake mwenyewe hulitaja huku akikohoa. Alichelewa kuoa kwa sababu alikuwa akitafuta mwanamke ambaye jina lake halina s. Akampata Maulida, na kila akisimulia hukiri kwamba uzuri wake aliuona baadaye.

Kilichomfurahisha zaidi maishani ni kuzeeka. Shikamoo ilimtoa jasho tangu utotoni, lakini marahaba inateleza yenyewe. Mvi ya kwanza ilipoota, aliwaonyesha majirani.

Kisha binti yake Najat akaanza darasa la kwanza. Naye ana kithembe kilekile, na muhula mzima hakumwamkia mwalimu wala kujibu swali hata moja. Mwalimu akamwita Seif, akamwambia wazi kwamba mtoto asipofungua mdomo atarudia darasa. Seif alirudi nyumbani roho inamuuma. Wa kulaumiwa alishawajua: ni wanafunzi wenzake Najat, wanamcheka kama yeye alivyochekwa.

Jirani yao Kija akashauri mtoto akatwe kamba ya chini ya ulimi. Seif, ambaye huamini ushauri wowote usiomtaka aongee, akaanza kuulizia mkataji. Maulida akagoma katakata. Akawapeleka wote wawili hospitali, kwa mtaalamu wa usemi aitwaye Dorotea.

Dorotea alimpima Najat masikio, akamchungulia kinywani. Masikio mazima, kamba haina tatizo. Ulimi umezoea tu kuchungulia nje ya meno, na kwa umri wake mazoezi yatasaidia sana: meno yakutane, ulimi ukae ndani, pumzi itoke taratibu kama tairi la baiskeli lililopata pancha. Kila siku, dakika chache mbele ya kioo.

"Nani anakucheka shuleni, mama?" Dorotea akamuuliza mtoto.

"Wote!" akajibu Seif.

Najat akatikisa kichwa.

"Hakuna?" akauliza Dorotea. "Sasa mbona huongei?"

"Baba naye hathemi hayo maneno," akanong'ona. "Anayaacha."

Seif alitaka kucheka, kama anavyocheka siku zote yanapomfika, lakini kicheko kikagoma. Kumbe hakuna mtoto aliyemfunga Najat mdomo. Aliyemfundisha kuyakimbia maneno ni yeye, mwalimu hodari, kwa vitendo, kila siku mezani. Aibu ilimshika, na nyuma yake huzuni ambayo hakuitegemea.

Dorotea akageuza kioo kilichokuwa mezani kumwelekea Seif. "Basi tuanze na baba."

"Mimi dada yangu, umri umekwenda," akasema Seif. "Wewe mwangalie mtoto." Hakuna s hata moja humo. Hata katika dhiki, ufundi haukumtoka.

Halafu akaona Najat anamtazama, ametulia, kama mtu anayejua kitakachofuata. Seif akafumba macho, akameza mate, akajaribu. Ikatoka "ththth" ndefu ya kutia huruma, na tone la mate likatua katikati ya kioo.

Najat alicheka mpaka akashika tumbo. Alipomaliza, akasogea karibu, akaweka kidole chini ya kidevu cha baba yake, akakisukuma juu hadi meno yakakutana.

"Thatha rudia, baba," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Nakuthubiri."