Beleshi la Hotuba

Ofisi ile ya kukodisha magari ilikuwa jengo la mwisho kabla lami haijakata tamaa na kuuachia mchanga njia, na ndani yake hapakuwa na mtu aliyelijua jangwa kumzidi Bwana Usalama. Alilijua kwa mdomo. Kwa magurudumu hakuwahi hata kulionja, maana mgongo wake, alivyodai, hautaki matuta. Hilo halikumpunguzia hadhi hata chembe. Kila mteja alisimamishwa nyuma ya gari, buti likiwa wazi, akatolewa hotuba.

Na ilikuwa hotuba kweli. "Ukifika kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi. Usikimbize gari. Mwambie mtu unakoelekea. Haya maji ni ya kunywa, si ya kunawia uso. Hili beleshi, hizi mbao za kuweka chini ya tairi, hii kamba. Na ukikwama, kaa na gari! Gari linaonekana kutoka mbali, wewe huonekani." Hapo alitua na kumkazia mteja macho mpaka mteja akameza mate. Wengine waliomba kupiga naye picha.

Mteja akishaingia ndani kutia sahihi, Bwana Usalama alivitoa vile vifaa, maji yakiwemo, kwenye buti na kuvirudisha mlangoni pa stoo. Mizigo ya mteja ikapangwa mahali pake, buti likafungwa, safari njema. Usije ukamdhania mwizi, la hasha. Zamani kila gari lilikuwa na vifaa vyake, vikawa vinapotea huko huko, na bosi, mkono wa birika anayejulikana, akachoka kununua vingine. Bwana Usalama ndiye aliyebuni dawa: seti moja tu, ya kuonyeshea. Alipongezwa mbele ya wafanyakazi wote. Wateja waliokwama walivutwa na malori yaliyopita, wakarudi wakimshukuru kwa ushauri wa kukaa na gari. Mtu aliyerudi mzima atakumbuka kuuliza habari za beleshi? Nyumbani aliyasimulia haya mezani huku akicheka mpaka akapaliwa na chai. Mkewe hakucheka. Alikusanya vikombe akaenda kuviosha.

Basi binti yao, aliyeolewa ng'ambo ya jangwa, akajifungua. Mama mtu akasema anakwenda, hata peke yake, mgongo wa mumewe utake usitake. Bosi, kwa ukarimu uliomshangaza hata yeye mwenyewe, akatoa gari.

Asubuhi ya safari, mbele ya mama huyo kwenye foleni alikuwapo mwalimu mmoja na mkewe na watoto wao mapacha, waliokuwa wakishika njia ile ile. Mapacha waligombania kushika beleshi, Bwana Usalama akawaruhusu, kila mmoja kwa zamu yake, kisha wakaondoka wakipunga mikono dirishani. Zamu ya mke wa Bwana Usalama ilipofika alimpa hotuba nzima. Bosi alikuwa anachungulia, na isitoshe, sauti yake mwenyewe ilikuwa inampendeza siku hiyo.

"Baba watoto, haya unayasema hata ukiwa usingizini," mkewe alimwambia.

"We sikiliza tu. Ni utaratibu."

Alisikiliza, akaingia ndani kutia sahihi. Na mikono ya Bwana Usalama, mikono yenye utumishi mrefu na uliotukuka, ikafanya kazi yake bila kumshirikisha mwenyewe. Ilitoa, ikarudisha, ikapanga begi la nguo za mtoto mchanga, ikafunga buti. Alimpungia mkewe mpaka vumbi likatulia, kisha akaenda kunywa chai akijiona mume wa kupigiwa mfano.

Mchana akaja mfanyabiashara mmoja mwenye haraka. Bwana Usalama akafungua buti, akalipanga jukwaa lake, akainua beleshi. "Hili beleshi..." akasema, na hapo maneno yakamkauka. Beleshi lilikuwa hapa. Mkewe alikuwa kule.

"Endelea, mzee," mfanyabiashara alimhimiza. "Hili beleshi limefanya nini?"

Alipiga simu ya mkewe, haikupatikana. Huko hakuna mtandao, jambo ambalo kila siku aliwaeleza wateja kwa majonzi ya kupendeza. Aliogopa, tena sana. Alimpokonya yule mteja funguo, akamwachia kaunta na mshangao wake, akaondoka na gari na vifaa vyote.

Njiani hakuacha kuvunja kitu hata kimoja cha hotuba yake. Upepo wa tairi hakupunguza. Alikimbiza gari kama amefungiwa moto nyuma. Wala hakumwambia mtu anaelekea wapi. Alifuata tu alama za tairi huku akilia na kujitukana, na matusi yote yalimstahili.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama alipoliona gari la mkewe limezama mpaka tumboni. Ndani hapakuwa na mtu. Akakanyaga breki kwa nguvu zote, na gari lake nalo likadidimia pale pale.

Mkewe akainuka kutoka kivulini, upande wa pili wa gari, dumu la maji mkononi. Aliyatazama yale matairi yaliyozama.

"Ulipunguza upepo?"

Mumewe alitikisa kichwa.

"Mimi nilipunguza, nikakwama vivyo hivyo. Nikasema sawa, si nimefundishwa? Nikakaa na gari. Nikafungua buti nichukue beleshi."

"Mke wangu, mikono tu, nilikuwa sina habari..."

"Maji nilibeba ya kwangu kutoka nyumbani, maana yale uliyokuwa unayachekea mezani sikuyasahau." Alilitua dumu mchangani. "Lakini beleshi sikubeba. Nilijiambia, hapana, la mkewe hawezi kulitoa."

Bwana Usalama alitaka kupiga magoti, ila mchanga ulikuwa umeshamshika hadi vifundoni, ikawa kama anachuchumaa. Aliomba msamaha kwa maneno yasiyopangika, na mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza asubuhi. Kisha akamnywesha maji.

"Mimi umenifuata," alisema. "Wale mapacha nani amewafuata?"

Bwana Usalama aligeuka. Alama za tairi za mwalimu zilipita pembeni yao, zikaendelea mbele mpaka macho yakashindwa. Hakukuwa na vumbi huko, wala lori.

"Anza na gari lako, ndilo halijazama sana," mkewe alisema. "Tukilitoa, tunakwenda mbele. Nyumbani baadaye."

Bwana Usalama alilichukua beleshi akaanza kuchimba. Kibandiko cha dukani kilikuwa bado kwenye mpini.