Siku Niliyoingia Mkutanoni Nimevaa Kama Bi Majani

Jamani, mkasa huu sijawahi kuusimulia mwenyewe, wengine ndio wamekuwa wakinisimulia, kila mmoja na chumvi yake, mpaka nimesikia kwamba nilizimia (sikuzimia) na kwamba nilitorokea dirishani (mlango ulikuwa wazi, dirisha nililitamani tu). Basi leo nausema mimi, aibu ni yangu na nina haki ya kuigawa ninavyotaka.

Kwanza mnielewe, mimi ni mtu wa ndoto, mikorosho ikitoa maua na ile harufu yake tamu ikinipanda kichwani naweza kusimama katikati ya shamba nikasahau hata nilichofuata. Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Milola, bondeni, na juu yetu kuna kilima chenye msitu, na chini ya msitu ndipo ilipo chemchemi tunayochota maji. Mwaka ule chemchemi ilianza kupungua, ndoo ikawa inajaa polepole mpaka wanawake tunamaliza habari zote za kijiji na bado haijafika nusu. Kila mtu alijua sababu ni miti ya juu kukatwa kwa ajili ya mkaa, na kila mtu alijua mkataji mkubwa ni nani. Shangazi yangu, Bi Somoe. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, sare zangu za shule zilitoka kwenye mkaa wake, na mpaka leo naishi kwake. Halafu mimi ndiye katibu wa kikundi cha mazingira. (Ungekuwa wewe ungemwanzaje?)

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chande, akaitisha mkutano wa msitu, akaniambia, "Zuhura, kikundi chenu ndicho kitafungua." Nikaitikia vizuri tu, lakini moyoni nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia shangazi badala yangu. Ndipo binamu yangu Bakari, mwenye banda la video, aliponirushia katuni moja ya Kiswahili kwenye simu, akasema, "Hii ni ya mambo yenu ya mazingira, da Zuhura. Utaipenda."

Nikajilaza mkekani baada ya kula, joto limelala juu ya bati, kuku wenyewe wamenyamaza, nikaifungua. Alitokea mama mmoja mrefu, gauni la kijani, kilemba cha kijani, miwani mikubwa, kipaza sauti mkononi, jina lake Bi Majani, anapita vijijini akiita, "Miti ni ndugu zetu!" na watu wanaitikia, "Na ndugu hawakatwi!" Nikampenda palepale. Kisha miti ikainua mizizi yake kama wanawake wanavyoinua kanga wakivuka maji, ikashuka mlimani mmoja baada ya mwingine, ikapita Lindi mjini taratibu na watu wakiipisha barabarani, ikaingia baharini ikasimama juu ya maji, na kivuli chake kikawaangukia samaki, nao samaki wakatulia kama watoto waliofunikwa shuka. Nilipoinuka simu ilikuwa imezima na shavu langu limelowa machozi.

Sasa nisiwafiche: nilikuwa nimesinzia pale mwanzoni kabisa. Hiyo miti inayotembea niliiota mwenyewe. Ila mimi wakati ule sikujua, niliamini nimeitazama katuni mpaka mwisho, na sikuona haja ya kuirudia.

Kosa lenyewe ndilo hilo, dogo tu, lakini tazameni lilivyozaa. Nilimwambia Bakari aje nayo mkutanoni na projekta na jenereta. Nikaenda kwa fundi nikashonesha gauni la kijani. Nikatafuta kilemba cha kijani. Miwani nikaazima kwa mwalimu, ingawa macho yangu ni mazima, na kupitia miwani ile dunia nzima ilikuwa na ukungu, watu wanaelea. Nikawafundisha wanakikundi kile kiitikio. Na kila niliyekutana naye njiani nilimsimulia mwisho wake, shangazi nilimsimulia jikoni tena na tena, naye akaacha hata kuchochea moto.

"Mpaka baharini?" aliniuliza.

"Mpaka baharini, shangazi."

"Na samaki wakapata kivuli." Akatikisa kichwa. "Hiyo nitakuja kuiona."

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, katika darasa moja la shule ya kijiji. Tulitundika kanga madirishani ili pawe na giza, na jua likapita kwenye zile kanga, likamwaga rangi juu ya watu, huyu uso mwekundu, yule wa manjano, wazee wenye ndevu za zambarau, na mimi kwenye ukungu wa miwani yangu niliona kama sote tumekaa ndani ya tunda. Shangazi alikaa mbele kabisa, kajitanda kanga mpya. Nikainua kipaza sauti nikaita, "Miti ni ndugu zetu!" Wakaitikia kwa nguvu, "Na ndugu hawakatwi!" Bakari alinitazama kuanzia kilemba mpaka miguuni, akafungua mdomo kutaka kusema neno. Nikamwambia, "Washa."

Akawasha. Bi Majani akatokea ukutani, kila kitu chake kama changu, na watu wakapiga makofi. Bi Majani akaita, "Miti ni ndugu zetu!" Ndugu mmoja akamdondoshea tawi kichwani. Watoto wakaangua kicheko. Nikajipa moyo kwamba hiki kipande labda kilinipita. Bi Majani akapanda mche mmoja, akapigwa picha, akaung'oa, akaupakia kwenye gari kubwa linalotoa moshi mweusi, akaenda kuupanda kijiji cha pili, akapigwa picha tena, na ule mche safari zote hizo unakohoa. Sasa wakubwa nao wanacheka, na kila kicheko kinaanzia ukutani kinaishia kwangu. Nikamwambia Bakari, "Zima." Akajibu, "Da Zuhura, rimoti nimeiacha bandani."

Halafu akatokea bibi mmoja muuza mkaa. Bi Majani akampigia teke jiko lake, akamfokea kwa kipaza sauti mbele ya wajukuu zake. Kisha yuleyule Bi Majani akajifunika uso, akarudi kwa mlango wa nyuma kununua gunia la mkaa, kwa sababu wageni wake wanataka pilau.

Na pilau letu la mkutano lilikuwa hapo nje, juu ya mkaa wa Bi Somoe, harufu yake imejaa darasa zima.

Vicheko vikakatika. Hakuna aliyemtazama shangazi, yaani wote walitazama pembeni yake, jambo ambalo ni baya zaidi. Jenereta likaunguruma peke yake mpaka Bakari alipokwenda kulizima. Shangazi akasimama, akanigeukia.

"Miti iliyokwenda baharini iko wapi?"

"Shangazi, nadhani niliota."

"Na huyu bibi wa mkaa umemleta aniambie nini?"

Nikavua miwani. Hapo ndipo nilipouona uso wake vizuri, na haukuwa na hasira, ulikuwa umeumia, na hilo sikuwa nimelitegemea. Kilemba kimeniteleza hadi kwenye nyusi, nikasema, "Chemchemi inakufa, shangazi. Nilikuwa nataka kukuomba usikate kule juu yake, nikaogopa. Sikutaka uone nimesahau nani amenilea."

"Maneno yote hayo yalikuwa mdomoni mwako," alisema, "halafu ukakodi jenereta?"

Darasa likapasuka, na safari hii na yeye alicheka, akifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akamwambia Mzee Chande, "Mwenyekiti, andika, juu ya chemchemi sikati tena. Lakini mkaa siachi. Nitakata mikorosho yangu mizee isiyozaa, na asije mtu kunipigia teke jiko." Wakataji wengine wakabishana naye mpaka alasiri, wawili wakakubali, mmoja akaondoka amenuna, na pilau likaliwa lote.

Chemchemi bado haijarudi kama zamani, siwezi kuwadanganya. Shangazi hakuzungumza nami vizuri kwa siku kadhaa, akinijibu salamu tu, marahaba, basi. Na jina la Zuhura kijijini limekufa. Hata Mzee Chande alipopata wageni kutoka wilayani alinitambulisha kwao, bila kucheka, "Huyu ndiye Bi Majani wetu," nao wakaandika hivyohivyo.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti: nikiwa na neno la kumwambia mtu, namfuata mwenyewe, nakaa naye, nalisema. Na nikiwa na usingizi, nalala.