Utingo aliyekaa nyuma na mbuzi

Saa moja asubuhi, ukungu bado haujaamua kuondoka Ruring'u, pembeni mwa mji wa Nyeri. Ndani yake kuna baiskeli inayozunguka bila kwenda popote. Imesimamishwa kwenye stendi ya chuma, jiwe la kunolea visu limefungwa mbele, na Wamae anakanyaga pedali kwa mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto ameunyoosha kando, juu ya kigogo.

Kisu cha mwenye bucha kinagusa jiwe, cheche zinaruka, kisha Wamae anapotea. Mguu unaendelea kuzunguka lakini macho yameshakwenda zake, upande ambao Mlima Kenya ungeonekana kama kungekuwa na jua. Mwenye bucha amemzoea. Anapiga miayo na kungoja.

"Watu husema nimelala," Wamae anasema anaporudi, akicheka kidogo. "Sijalala. Niko kwa lori."

Wamae, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, alikuwa utingo wa lori la mifugo lililoleta mbuzi Nyeri kutoka Doldol. Kwa asiyeijua kazi hiyo, ni hivi: barabara ni mbovu, mbuzi huchoka, na yule anayepiga magoti hukanyagwa na wenzake mpaka afe. Kwa hiyo lazima mtu asafiri nao huko nyuma, ameshikilia vyuma, akiwainua mmoja mmoja njia nzima.

"Unamshika, unamsimamisha, unamwambia pole, unaenda kwa mwingine," anaeleza. "Ukizembea, mwenye mali anauza ngozi tu."

Alilipwa shilingi mia nane kwa safari, mkononi, bila maandishi yoyote. Nilipomwambia kwamba hiyo ni kazi ya mateso, alininunia. Mateso gani? Akanisimulia vumbi jekundu la Doldol kukipambazuka, na ile baridi ya Nanyuki inayouma masikio, na jinsi alivyokuwa akiingiza mikono katikati ya mbuzi wawili na kuiacha humo. Hakuna blanketi inashinda mbuzi, alisema, na uso wake wote ukalainika.

Mwaka juzi, kwenye mteremko kabla ya kufika Kiganjo, breki zilikataa. Lori lililala ubavu mtaroni. Dereva, Simeon, alitoka na mikwaruzo. Wamae alitolewa chini ya mbuzi, paja na goti vimevunjika vibaya.

Yeye mwenyewe hakumbuki. Anakumbuka mbuzi wa kahawia ambaye mguu wake ulikuwa umenasa kwenye mbao. Aliinama kumsaidia, kisha akaona dari ya hospitali. Katikati hapo hakuna kitu, ila ndoto moja ambayo humjia hata mchana, hata akiwa juu ya baiskeli yake.

"Kwa ndoto lori haianguki. Inafika kwa hiyo mteremko, inaanza kupanda. Pole pole, bila kelele, inaenda juu kwa mlima na mbuzi zimenyamaza zote. Naamka nikiwa na furaha, halafu naona mguu. Hapo ndio nalia."

Mwenye lori alimtembelea hospitalini mara moja, na matunda. Baadaye simu yake ikawa haishikiki. Wamae alipodai fidia, jibu lilikuja kwamba hakuwahi kuwa mfanyakazi wake. Ati alikuwa msafiri aliyepewa lifti ya bure kwenda nyumbani. Na aliyeunga mkono maneno hayo ni Simeon, rafiki aliyekula naye sahani moja miaka yote ile.

"Mguu uliniuma," Wamae anasema. "Lakini Simeon aliniuma zaidi."

Ummi Zubair, wakili mwenye ofisi ndogo mjini Nyeri, alikubali kuichukua kesi hiyo kabla ya kuona senti. Anaeleza kwamba bima ya lori kama lile humtambua mtu aliyebebwa kwa sababu ya kazi. Wa lifti huachwa mikono mitupu. Kwa hiyo kesi haikuwa ya breki tena. Ilikuwa ya kujua kama Wamae alikuwa kazini au la, na yeye hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha.

Kabla ya Ummi, kulikuwa na mtu mwingine. Jamaa wa koti safi, dalali wa kesi anayewatafutia mawakili majeruhi, alikuja hadi kitandani hospitalini. Ili fidia ije haraka, alitaka Wamae aseme Simeon alikuwa amelewa, na kwamba alimwona akinywa. Alimfundisha mpaka rangi ya chupa. Wamae alikataa.

Nduta, mkewe, hafichi kwamba yeye angekubali. Wakati huo alikuwa akichuma kahawa ya wenyewe huko Gakindu ili binti yao, Wendy, asirudishwe nyumbani kutoka shule.

"Nilimwambia, Baba Wendy, sema tu. Kwani tutakula ukweli?" anasema. "Akaniambia ati hawezi kuapa juu ya kitu hakuona. Nilimkasirikia, wacha nikwambie. Hata chakula nilikuwa naweka mezani nikiangalia ukuta."

Siku ya kusikilizwa kwa kesi, mahakamani Nyeri, Wamae aliegemea mkongojo wake na kuulizwa ajali ilitokeaje. Akasema hajui. Akasema alikuwa anamwinua mbuzi. Halafu, jamani, akawasimulia na ndoto. Watu walicheka. Ummi aliinamisha kichwa, na wakili wa mwenye lori akaketi akitabasamu, hana swali la kuuliza.

Kisha akaitwa Simeon, shahidi wa tajiri wake. Alirudia kwamba Wamae aliomba lifti. Ummi alisimama na kumuuliza Simeon, huyo rafiki wa lifti alikuwa amekaa wapi? Nyuma, na mbuzi. Na mbele, kando ya dereva, alikuwa nani? Hakukuwa na mtu.

"Kwa hiyo ni baridi ya Nanyuki," Ummi akasema, "kiti kiko wazi kando yako, na rafiki uliyempa lifti ukamweka na mbuzi?"

Simeon alimtazama tajiri wake, akamtazama Wamae.

"Hapana, madam," akasema. "Singemweka rafiki huko. Alikuwa kazini. Hata hiyo siku dirisha ilikuwa wazi, nikamsikia nyuma akiambia mbuzi mmoja pole. Halafu breki zikakataa."

Wamae alilia pale pale, mbele ya watu. Ananiambia hakulia kwa sababu ya kesi. Alilia kwa sababu ameishi tangu ajali bila kujua neno lake la mwisho lilikuwa lipi, na sasa ameambiwa.

Hukumu inatarajiwa mwezi ujao. Ummi anaonya kwamba lolote linaweza kutokea, mwenye lori bado anapinga, na hata wakishinda kuna rufaa. Simeon alifutwa kazi siku ileile ya ushahidi, kabla hajafika kwake. Siku hizi hupita Ruring'u asubuhi na kukaa kwenye jiwe karibu na baiskeli. Hawazungumzi sana. Nduta humpa chai bila kumtazama, naye hunywa.

Nilimuuliza Wamae kama amemsamehe. Alinoa kisu kizima kabla ya kunijibu. Alisema bado kuna asubuhi anapomwona akija na roho inakataa. Lakini akikosa kuja, anamtafuta kwa macho barabarani.

Mpango wake, fidia ikipatikana, ni pikapu kuukuu ya kuleta mbuzi wachache kutoka Doldol. Mguu wake hautaweza klachi, daktari ameshamwambia. Dereva atakuwa Simeon. Nduta, aliyekuwa akipita na ndoo, aliposikia hivyo alisimama, akaangalia juu, akaendelea na safari yake.

"Najua watu watasema mimi ni mjinga," Wamae anasema, na mara hii macho yake hayaendi popote. "Lakini kabla Simeon hajashika usukani, tutaenda kwa Madam Ummi, aniandikie mkataba wake. Jina yake, kazi yake, na bima. Akiumia akiwa kwa gari yangu, hakuna mtu atamuuliza alikuwa anatafuta nini huko."