Aliyeliliwa Gwarama

Kuruthumu binti Omary alikulia nyuma ya duka la baba yake mjini Kasulu, akijua kwamba wazazi wake wote wawili walitoka Tanga. Baba alishona kanzu na sare za shule, akazungumza Kiswahili cha pwani, na mteja akimsemesha Kiha alitikisa kichwa kwamba hakielewi. Kuruthumu mwenyewe alikijua vizuri, kwa kuwa alikipata kwa wenzake wa mtaani.

Mwaka 1975 Mzee Omary alishikwa na malaria kali. Mchana mmoja, homa ikiwa imepanda, akaanza kuita, "Mawe, mawe."

"Anataka mawe ya nini?" mama yake Kuruthumu, Bi Adija, aliuliza akigeuza uso.

Lakini Kuruthumu alielewa. Kwa Kiha, "mawe" ni mama; baba yake alikuwa akimwita mama aliyemzaa. Kisha akasema, kwa Kiha kile kile, "Venanti, usimwambie mawe kwamba mtungi umevunjika. Nitasema ni mimi." Akataja na kijiji cha Gwarama.

Baba alipopona, Kuruthumu alimkabili mama yake jikoni.

"Gwarama kuna nani, mama?"

"Maneno ya homa hayo."

"Homa haimfundishi mtu lugha."

Bi Adija alichambua mchele kwa muda. "Nilimwapia baba yako, mwanangu. Usinilazimishe."

"Sikulazimishi. Ninakuaga tu."

Alipanda lori hadi Kibondo, akalala kwa shoga yake, kisha akapanda jingine la kwenda Gwarama. Alikuta watu wamehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kando ya barabara, na majirani wa zamani wametawanyika. Kila mlango aliobisha walimwelekeza kwingine. Wengine walimshauri arudi kwao. Aliendelea kubisha, mpaka akaonyeshwa mzee aliyekuwa akipalilia maharage.

"Shikamoo. Wewe ndiye Venanti?"

"Marahaba. Na wewe ni wa nani?"

"Ni wa Omary, fundi cherehani wa Kasulu."

"Simjui."

Kuruthumu akayarudia maneno ya mtungi, kwa Kiha, kama alivyoyasikia. Mzee akaweka jembe chini, akakaa palepale kwenye matuta.

"Mtungi ule niliuvunja mimi," alisema. "Akachapwa kaka yangu Pasikali. Lakini Pasikali alikufa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Mwenzake aliyerudi ndiye aliyetuletea habari. Tulimlilia, tukanyoa nywele." Akanyoosha kidole kwenye nyumba. "Nikamrithi mkewe. Ndiye Josephina, yule pale mlangoni. Tumezaa naye."

"Twende Kasulu, baba mdogo."

"Nitamtazama kwa uso gani?"

Josephina alikuwa amesogea na kusikia. "Kwa huo huo," alimwambia mumewe. "Vaa shati."

Walipofika dukani, Mzee Omary alikuwa kwenye cherehani yake. Venanti alisimama kizingitini, akamwamkia kwa Kiha, akimwita Pasikali. Mguu ukasita juu ya kanyagio. Wateja wakitazama, fundi wa Tanga akaitikia kwa Kiha.

"Nilirudi," alimwambia mdogo wake, walipokwisha kukaa. "Nilifika mpaka kisimani. Mwanamke mmoja mgeni akaniambia Pasikali ni marehemu, na mkewe ana mtoto mchanga wa Venanti. Ningeingia, ningewavunjia nyumba. Nikarudi Tanga. Huko nikasilimu, nikamwoa Adija."

"Na kuja Kasulu?"

"Nilishindwa kukaa mbali zaidi ya hapa."

"Mama alikufa akikutaja."

Mzee Omary akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikishona, akalia mbele ya mkewe na binti yake. Hakuna aliyemnyamazisha. Baadaye alimgeukia Kuruthumu.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, baba. Nilitaka kujua mimi ni wa wapi."

"Mimi nimechoka kuficha," Bi Adija alisema. "Afadhali amekwenda."

Mzee Omary aliendelea na jina lake na swala zake. Lakini kaburi la mama yake alikwenda kulizuru, na Josephina akampokea kama shemeji. Kuruthumu alipoolewa, upande wa bibi harusi, ambao siku zote alidhani utakuwa na watu wawili tu, ulijaa mpaka ukumbi wa jirani ukaazimwa. Wengi wao walikuwa na rozari shingoni, na walikuja na maharage.