Jina la Kuazima

Mama Jessica alikuwa amefeli mtihani mara mbili, na ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka hapo, unarudi darasani kuanza upya. Na mgongo wa kusubiri hana. Miaka sita amebeba maboksi ghalani hapa Fort Worth, mpaka daktari amemwambia basi. Kilichobaki ni cheti cha kuhudumia wazee.

Msidhani lugha ndiyo ilimshinda. Thubutu! Marguerite huyu, jirani yangu kutoka Bukavu, akiwa na mama mkwe wake anaongea Kimashi cha kwao, kwenye kwaya Kifaransa, na sisi Kiswahili, ghalani Kihispania cha kugombania paleti za mizigo, na Kiingereza anakipata bure kwa mwanawe Jessica, maana mtoto ukimgombeza kwa lugha yoyote anakujibu kwa hicho hicho. Mimi Prudensia, nesi mzima, ninazo tatu na ninaringa.

Sasa anafeli nini? Nikajilaza kwenye sofa lake kama mgonjwa, nikamwambia anionyeshe. Akagonga mlango, akanawa mikono, akaniosha miguu vizuri ajabu. Kimya, macho chini.

"Ebo! Mbona huniiti jina? Unamtazama mgonjwa, unasema, 'Hello, Mrs. fulani, naitwa Marguerite.' Wanahesabu hiyo!"

"Dada, ule mama wa mutihani alikuwa na mvi. Nitamuita mukubwa jina namna gani? Ni matusi."

"Yaani unafelishwa na heshima?"

"Nilijaribu. Mudomo ulikatala."

Nilipandwa na hasira, nikamsema mpaka nikakauka koo. Kumbe mama mkwe wake, aliyekuwa jikoni anachambua sombe, kisamvu chao, anasikia yote. Kiswahili hakisemi sana, lakini hakimpiti. Akaja akijifuta mikono, akaniondoa kwenye sofa, akalala yeye. Akasema neno kwa Kimashi. Marguerite akashika mdomo.

"Amesema nini?"

"Eti nimuite jina. Yeye, mama ya bwana yangu!"

Miaka kumi na minane ya ndoa hajawahi kulitamka. Hata ofisi ya wakimbizi walipomuuliza, aliliandika kwenye karatasi.

Bibi akapiga sofa kwa kiganja, akasema tena, na Marguerite akanitafsiria: "Anasema ananiazima jina. Kosa ni lake, si langu."

"Basi sema!"

"Hello... Nabintu." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Naitwa Marguerite. Nitakuosha miguu."

Bibi akaagiza arudie. Wiki mbili nzima, kila asubuhi kabla ya chai, alirudia, na kila asubuhi bibi alioshwa miguu hata kama ilikuwa safi.

Siku ya mtihani nilimpeleka mwenyewe, nikabaki kwenye gari na rozari yangu. Alipotoka anakimbia, na mgongo ule, nikajua. Tulipiga vigelegele njia nzima. Kufika nyumbani akausukuma mlango.

"Nabintu! Nabintu! Nimepita!"

Jessica akavua vile vidude vya masikioni. Bibi akaweka kisu chini, akamtazama mkwe wake kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mutihani umeisha?" Safari hii kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Umeisha, mama."

"Basi rudisha jina yangu."

Kisha akamkumbatia, akalia kutushinda sote.