Isale Nililompelekea Mpima Barafu

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Juzi alipanda huku Masama na karatasi ya shule, akanikuta nakatakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo babu. Nimepewa kazi ya kusoma mbele ya darasa. Nataka nikusomee wewe kwanza."

Habari ilimhusu Mmarekani mweusi wa zamani aliyekwenda na bosi wake mzungu kutafuta ncha ya kaskazini ya dunia. Mweusi ndiye aliyeunda vile vigari vya kuburutwa na mbwa kwenye barafu, ndiye aliyejua lugha ya wenyeji wa kule, ndiye aliyefungua njia. Siku ya mwisho akatangulia kufika. Mzungu kukuta nyayo zimemtangulia, akanuna, na tangu hapo hakusema naye kama zamani. Sifa akachukua yeye.

"Ajabu eh, babu?"

"Ajabu iko wapi? Hayo yamenipata mimi."

"Babu, wewe hata koti la baridi unaazima."

"Naazima sasa. Kaa chini."

Mimi nimeishia darasa la nne. Niliingia mlimani kama mpagazi, nikabeba mizigo mpaka nikawa kiongozi wa wageni, na nyumba hii ya matofali imetoka kwenye shingo yangu. Sikusaidiwa na mtu. Misimu sita nilimwongoza mzungu mtafiti aliyepima barafu ya kileleni. Tulitoboa barafu, tukasimamisha nguzo za chuma, na kila mwaka tulirudi kuona imepungua kiasi gani. Yeye alishika daftari. Keekee nilibeba mimi, na nguzo nilizitafuta mimi, hata zikiwa zimefukiwa na theluji.

Sisi viongozi tuna desturi yetu. Hatua chache kabla ya kufika juu unasimama pembeni, unajifanya unafunga kamba ya kiatu, mgeni anapita na kugusa kibao cha kileleni kwanza. Hakuna aliyetuandikia. Kazi ndivyo ilivyo.

Mwaka wa sita ukungu ulitushukia tukiitafuta nguzo ya mwisho. Nilimwambia akae kwenye jiwe, nikatangulia. Nikaiona. Nilitakiwa nirudi nimchukue, lakini ukungu ulikuwa unazidi na nilijua tukiipoteza hatuipati tena. Nikapima mwenyewe. Akaja akifuata nyayo zangu. Akazitazama, akanitazama mimi. Nikamtajia namba, akaandika. Baada ya hapo hakunisemesha mpaka geti la chini ya mlima, siku mbili nzima.

Kazi ile niliitaka. Basi nikafanya tunachofanya Wachagga: nikakata jani la isale pembeni ya kihamba, shamba letu la migomba, nikalipiga fundo, nikampelekea hotelini Moshi. Ukiletewa isale huna ujanja, unasamehe, hata kama damu ya ndugu yako ilimwagwa. Alipokea kwa mikono miwili, akasema ni zuri, akalitia kwenye glasi ya maji dirishani, kama ua.

Nikarudi nyumbani nikijua yameisha. Msimu uliofuata nikasikia yuko mlimani na kiongozi mwingine. Hapo nakiri kosa langu: nilimpa isale mtu asiyejua isale, na sikumweleza. Niliona aibu kueleza. Baadaye kijana mmoja anayesoma Kiingereza aliniambia kipimo cha nguzo ile kimo kwenye kitabu cha yule bwana, na imeandikwa kwamba alikipima yeye.

Mjukuu alikuwa ameweka karatasi chini.

"Lakini babu, wewe umemsamehe?"

"Hajaleta isale."

"Na kama alishakufa?"

"Ana watoto."

Alicheka mpaka ng'ombe akageuka. Kisha akatoa kalamu, akaniuliza kama anaweza kuniweka mwishoni, baada ya yule Mmarekani. Nikamwambia aniweke, aandike majina yangu yote matatu, na akifika hapo asome taratibu.