Kelele za Dunguni

Mudrick wa Kibiti ana sikio la ajabu, na maringo nayo anayo. Kazi yake ni kurekodi ngoma za harusi huko deltani, kisha kujifungia na kompyuta akiondoa kelele mpaka wimbo ubaki peke yake. Akishavaa hedifoni husahau hata njaa. Jenereta hufifia, injini za boti huenda zake, upepo hutulia kwenye mikoko, na sauti ya mwimbaji hubaki ikielea kama mtu aliyelala chali majini. Hapo huwa kama yumo ndotoni, na ole wake atakayemwamsha.

Ndivyo alivyoisafisha harusi ya Mwajabu, iliyofanyika Mbwera wakati mpunga unaiva. Siku hiyo kulikuwa na mwanamke dunguni, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia shamba, akifukuza ndege kwa debe na ukelele: "Hoo! Hoo!" Alimuudhi Mudrick kwelikweli. Basi akakata kipande cha sekunde saba za kabla ya ngoma, chenye kelele hizo tupu, akakiweka kando kuifundishia kompyuta sauti ya kuondoa. Alipomaliza akafuta rekodi ya mwanzo, kama kawaida yake, kupata nafasi ya kazi nyingine.

Miezi minne baadaye Mwajabu akabisha hodi, macho yamemvimba.

"Kaka Mudrick, mama amefariki. Flashi uliyonipa ni ngoma tupu, yeye simsikii. Naomba ile ya mwanzo."

"Pole sana, dada. Lakini mama harusini mbona sikumwona?"

"Angekujaje, ndege si wangemaliza mpunga wote? Alibaki dunguni. Ngoma ilipolia, naye akaifuatisha kwa debe lake. Tulicheka sana siku ile!"

Mudrick akamkumbuka yule mwanamke wa debe. Hakuwa na cha kumpa, na aliuonea aibu usafi wote aliokuwa akijivunia. Alifungua faili hili, akafunga lile, mpaka akakikuta kile kipande alichofundishia kompyuta. Akamvisha Mwajabu hedifoni.

Hoo! Hoo! Debe likalia mara tatu.

Mwajabu akaziba mdomo kwa kanga, machozi yakimtiririka. "Rudia," akasema. Mudrick akarudia, akarudia tena, mpaka adhana ya alasiri ikapita.

"Nikuondolee huo upepo kidogo?" akauliza kwa mazoea.

"Acha," Mwajabu akasema. "Usimguse tena."